Niliapa Sijui Aliko

Agosti 2021 mahakama moja hapa Mwanza ilivunja ndoa yangu. Mke wangu hakuwepo siku hiyo, wala hakujua kwamba kuna shauri. Alikuwa Minneapolis, Marekani, akihudumia wazee kwa zamu ya usiku, na sehemu kubwa ya alichobakiza iliishia kwenye ombi la kunihamishia huko nikaishi naye. Shauri nililifungua mimi. Nilisimama mbele ya hakimu, nikashika Biblia, nikaapa kwamba mwanamke yule amenitelekeza na kwamba sijui aliko. Nilipopewa hati ya talaka niliifungia kwenye droo ya duka, nikaendelea kupokea simu zake kama mumewe, na ombi letu nikaliacha liendelee kama vile hakuna kilichotokea.

Nayaandika haya kwa sababu mtaani kwetu Buhongwa yanasimuliwa vingine. Yapo maneno, kuanzia stendi mpaka njia ya kwenda Lwanhima, kwamba mwanamke aliyekwenda Marekani alinipa matumaini miaka nenda rudi, akapata mzungu, akaizima viza yangu. Maneno hayo sikuyaanzisha mimi, ila nilipoyasikia nilinyamaza, na kwa kunyamaza nikayakubali. Aliyechafuliwa jina ni mtu aliyenitendea mema tangu siku ya kwanza, na hapa mtaani hana ndugu wa kumsemea. Kwa hiyo nasema mimi.

Alipata nafasi ya kwenda kwa bahati nasibu ya grini kadi, ile ya mwaka 2014 ambayo majibu yake yalitoka Mei 2013. Tulikuwa wachumba. Wapo waliotushauri tufunge ndoa upesi ili nami niingie kwenye jalada lake, maana aliyeshinda huruhusiwa kuongozana na mwenzi wake. Hatukuwa na nauli ya watu wawili, na baba yangu mdogo akasema hawezi kuozesha kijana wake kwa kukimbizana na ndege. Mchumba wangu akaondoka peke yake. Januari 2017 alirudi, tukafunga ndoa kanisani. Ng'ombe nilikuwa nimeshawapeleka kwao, upande wa Misungwi.

Ile ilikuwa ndoa. Watu wetu wana jina la ndoa zinazofungwa kwa ajili ya viza, wanaziita ndoa za makaratasi, na Wamarekani wana sheria kali juu yake ambayo waliikaza zaidi mwaka 1986: ukibainika kwamba ulifunga ndoa ya namna hiyo, maombi yako ya baadaye ya kuhamia huko hukataliwa hata kama safari hii umeoa kwa moyo wote. Yetu haikuwa hivyo. Tulipendana, ukoo mzima ulishuhudia, na mama yangu alimwita mwanangu mpaka siku anafariki. Kuigeuza iwe ya makaratasi ilikuwa kazi yangu, na niliifanya baadaye.

Aliporudi Minneapolis alijaza fomu wanayoiita I-130, akalipa dola 535. Kwa kuwa hakuwa raia bado, ila mkazi mwenye grini kadi, mimi niliwekwa kwenye foleni. Mwenzi wa raia hasubiri namba. Mwenzi wa mwenye grini kadi husubiri mpaka zamu yake itangazwe kwenye taarifa ya viza inayotoka kila mwezi. Julai 2019 foleni ile ilifunguka, na ombi letu likakubaliwa mwishoni mwa mwaka huo. Tukaanza kukusanya vyeti. Machi 2020 balozi za Marekani kote duniani zikasimamisha huduma za kawaida za viza kwa sababu ya korona, na Aprili 22 Rais Donald Trump akasaini tangazo lililozuia makundi mengi ya wahamiaji. Wenzi wa raia waliachwa nje ya katazo lile. Sisi wenzi wa wenye grini kadi tulifungiwa, mpaka Rais Joe Biden alipoliondoa Februari 24, 2021.

Nazitaja tarehe hizi kwa sababu kwa muda mrefu nilijitetea nazo. Nilikuwa nasema kusubiri ndiko kulikoniharibu. Si kweli. Mke wangu alisubiri muda uleule, kwenye baridi, peke yake, akiwaogesha wazee wa watu wakati korona inawamaliza, na hakuapa uongo mahali popote kwa sababu ya upweke.

Kilichoniharibu nakijua. Fedha za kiwanja hapa Buhongwa zilitoka kwake. Mtaji wa duka langu la vifaa vya ujenzi ulitoka kwake. Boma lililosimama kwenye kile kiwanja, lililokuwa limefika kwenye lenta, lilijengwa kwa hela alizozituma kwenye simu yangu. Vijana wa stendi waliniita Mke wa Marekani. Nilicheka nao mchana, usiku usingizi haukuja. Kwetu mwanaume ndiye anayetoa ng'ombe na ndiye anayemchukua mtu akampeleka kwake. Mimi nilikuwa nasubiri kuchukuliwa. Ningeweza kumweleza mke wangu kwamba naumia. Alikuwa mtu wa kuelezeka. Nilichofanya ni kuanza kumwona kama mtu anayenidai, na kila alipotuma fedha nilizipokea kwa kinyongo, nikazitumia.

Katika hali hiyo nikaanza uhusiano na dada mmoja mwenye mgahawa mdogo karibu na duka. Alikuwa mkweli kwangu kuliko nilivyokuwa kwake. Alijua nina mke nje, nami nilimwambia ndoa ile imeshakufa, bado kuzikwa tu. Mwanzoni mwa 2021 akashika mimba. Baba yake akaniita nyumbani kwake. Mzee alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, siwezi kumtoa binti yangu kwa mtu mwenye mke wa kanisani. Kama ndoa hiyo imekufa, mahakama iseme imekufa. Niletee karatasi." Alikuwa sahihi, hata kisheria. Ndoa iliyofungwa kanisani baina ya Wakristo wawili haigeuzwi kuwa ya wake wengi maadamu wote wawili wangali Wakristo.

Hapo njia ilikuwa mbili. Kumpigia simu mke wangu jioni ileile, nikamwambia nimekosa, nina mtoto anakuja, aamue. Au kumwambia mzee kwamba siwezi. Nilizikataa zote mbili kwa sababu nilitaka kumuoa huyu na kupelekwa Marekani na yule.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mtu kukimbilia mahakamani akiwa na hasira zake. Kwanza mgogoro upelekwe kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, baraza liwaite wote wawili, likishindwa kuwapatanisha litoe hati ya kuthibitisha hivyo, ndipo uende kwa hakimu. Lakini kifungu cha 101 kina nafuu kwa watu wenye shida ya kweli. Anaruhusiwa kuruka baraza yule ambaye mwenzake anaishi nje ya nchi na hatazamiwi kuingia nchini ndani ya miezi 6. Anaruhusiwa pia aliyetelekezwa na asiyejua mwenzake aliko. Angalieni nilivyochagua. Nafuu ile ya kwanza ilikuwa yangu kwa haki: mke wangu alikuwa nje, kila mtu anajua. Ningeisema hiyo nisingeguswa na baraza. Lakini ningeulizwa anwani, na wito ungemfikia. Nikaichukua ile ya pili. Sikuhitaji uongo ili nipate talaka. Niliuhitaji ili yeye asijue.

Sababu niliyoitoa ilikuwa kutelekezwa, na sheria inataka kuwe kwa miaka isiyopungua 3. Nikasema aliondoka mara baada ya arusi ya 2017 na sijamtia machoni tena.

Desemba 2019 alikuwa hapa Buhongwa. Mama yangu alikuwa amefariki. Hakuyawahi mazishi, alifika siku chache baadaye kwa basi la kutoka Dar, akavua viatu mlangoni, akapita wanaume wote barazani bila kuketi, akaenda moja kwa moja uani walikokuwa kina mama waliobaki na msiba. Nilipomfuata nilimkuta ameshakaa kwenye kigoda na kisu mkononi, anamenya viazi pamoja na shangazi zangu, machozi yanamtoka na hayafuti kwa sababu mikono ina udongo. Kesho yake akaniomba nimpeleke kaburini. Alipoondoka, shangazi mkubwa alimfungia michembe ya viazi vitamu kwenye kitenge, na miezi mingi baadaye mke wangu alikuwa ananiambia kwenye simu kwamba bado anayo, anaichemsha kidogokidogo isije ikaisha.

Yote hayo niliyafuta kwa sentensi moja ya kiapo. Nilikuwa na shahidi pia, rafiki yangu, aliyekula ubwabwa wa msiba ule akiwa amekaa hatua chache kutoka kwa mke wangu. Nilimwomba aseme hajamwona tangu arusi, naye akasema. Nimemwomba radhi kwa kumtia kwenye dhambi ambayo haikuwa yake. Amenisamehe kwa mdomo, lakini dukani kwangu hapiti tena.

Mahakama ikaamuru wito utangazwe gazetini. Ulitoka kwenye kurasa za ndani, katikati ya minada ya nyumba na watu waliobadili majina, na kule Minneapolis hakuna aliyeusoma. Shauri likasikilizwa upande mmoja.

Siku niliyotoa ushahidi nilitoka mahakamani mchana, nikapanda daladala ya Buhongwa, nikafungua duka. Zamu yake huisha saa 1 asubuhi ya kwao, na wakati wa kiangazi chao hiyo ni saa 9 alasiri yetu. Saa 9 na dakika chache simu ikaita. Nilikuwa nampimia mteja misumari ya bati. Nikaibana simu kwa bega, jicho likiwa kwenye mizani. Akaniuliza nimekula nini. Nikamwambia ugali na sato. Akasema, "Unanitamanisha makusudi." Akanieleza kuhusu bibi mmoja pale kazini anayemwita kwa jina la dada yake aliyekufa, na kwamba ameamua kuitika, kwa sababu akiitika bibi analala. Nilimsikiliza huku mfuko wa shati una karatasi yenye tarehe ya hukumu. Ndani ya masaa hayohayo nilikuwa nimemwambia hakimu kwamba sina mawasiliano naye.

Hati ilipotoka nilimpelekea mzee nakala, akaridhika. Kwa binti yake nikaanza kuvuta siku. Nilimwambia tusubiri kidogo kwenda bomani, safari yangu ya Marekani imekaribia, na kule hakuna mapenzi, ni karatasi tu; nikishapata grini kadi nitakuja kumchukua yeye na mtoto. Na kwa mke wangu nilikuwa nimeshajiandaa, endapo habari zingevuja: ningemwambia ile talaka ni karatasi tu ya kumtuliza mzee wa watu. Kila mmoja nilimwekea akiba neno lilelile.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, ambalo nilipolitenda sikujua kama nalitenda.

Miaka 5 ya ukazi wa mke wangu Marekani ilikuwa imetimia, akaomba uraia. Usaili wake ulikuwa Juni 2021, na siku ya kuapishwa ikapangwa Oktoba. Wamarekani wana karatasi moja ambayo mtu huijibu kwa ajili ya siku ya kiapo, kuhakikisha kama kuna kilichobadilika tangu alipofanyiwa usaili. Swali la kwanza ndilo hili: je, tangu siku ile umeoa au kuolewa, umefiwa na mwenzi, mmetengana au kuachana? Mke wangu akaweka alama kwenye hapana. Akasaini. Akaingia ukumbini, akainua mkono pamoja na wenzake, akaapa. Alinitumia picha ameshika bendera ndogo, amevaa gauni la kitenge nililomshonesha Mwanza mjini. Nilimrudishia mioyo. Hukumu ya Agosti ilikuwa kwenye droo, chini ya kitabu cha risiti.

Mimi nilidanganya nikijua nadanganya. Yeye alisema kweli yote aliyokuwa nayo, na mimi nilikuwa nimeshaigeuza kuwa uongo kabla hajaisema. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba kama kuna dhambi hapa ni yangu, nitaibeba. Haikuwa hivyo. Nilikuwa nimechukua mtu mwaminifu nikamfanya atie saini maneno ya uongo mbele ya serikali iliyokuwa inampa uraia, na kosa la namna hiyo, likichukuliwa kuwa la makusudi, linaweza kumvua mtu uraia wenyewe.

Na haikuishia Oktoba. Uraia wake ulinitoa kwenye foleni, nikahamia kundi la wenzi wa raia, na ombi letu sasa likaendelea kwa kasi tuliyoitamani tangu mwanzo. Alilipa dola 325 za viza na dola 120 za hati ya udhamini. Hati hiyo si mchezo: mdhamini anaapa kwamba huyu ni mwenzi wangu, anaonyesha kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango chao cha umaskini, na anajifunga kumtunza mgeni wake kwa namna ambayo, mgeni akishaingia, hata talaka haimfungui. Ilibidi aombe zamu za ziada ili hesabu itimie. Alisaini. Mimi nikajaza fomu yangu ya viza mtandaoni, nikafika kwenye swali la hali ya ndoa, nikachagua "nimeoa", nikaendelea na ukurasa unaofuata. Mapema 2022 watu zaidi ya laki 4 duniani walikuwa na majalada yaliyokamilika, wakisubiri kupangiwa usaili tu. Sisi tukapata tarehe ya katikati ya mwaka. Alifurahi mpaka akalia.

Ningependa kuandika kwamba hapo dhamiri ilinisuta nikaungama. Sikuungama. Nilikamatwa. Yule dada wa mgahawa, ambaye sasa ni mama wa binti yangu, alinisikia nikizungumza na mke wangu kwenye simu, akasikia jinsi nilivyokuwa nikimwita, akaelewa kwamba kule si karatasi tu. Nakala ya talaka ilikuwa kwa baba yake. Akaipiga picha kurasa zote, akazituma. Simlaumu hata kidogo.

Mke wangu alipiga usiku wa manane wetu. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Hii saini ni yako?" Nikasema ndiyo. "Ukurasa wa pili unasema hujui niliko." Nikanyamaza. "Desemba ile, nilipokuja kumlilia mayu, mama yako, nililala kwa nani?" Sikuwa na la kujibu. Kisha akaisoma tarehe ya hukumu kwa sauti, akairudia, na nikasikia ukimya wa mtu anayepiga hesabu. Akasema, "Mimi niliapa Oktoba." Akakata.

Nilichofanya baada ya hapo ni kibaya kuliko kiapo. Nilimwandikia ujumbe kumwomba asiseme lolote mpaka usaili wangu upite. Nikaandika kwamba nikishafika tutayamaliza kifamilia. Yaani nilimtaka sasa adanganye akijua. Ujumbe huo sijaufuta. Nausoma kila ninapoanza kujihurumia.

Hakunijibu. Alikwenda kwa wakili, na wiki hiyohiyo akauandikia ubalozi na idara yao ya uhamiaji, akaambatisha hukumu. Ndipo nikajifunza kitu ambacho ningeweza kukiuliza mapema kwa mtu yeyote mwenye ujuzi. Ombi la mwenzi hufa siku ndoa inapovunjwa kisheria, popote duniani ilipovunjwa. Hakuna ofisa anayekaa kuamua. Hata lililokwisha kukubaliwa hufutika lenyewe, na kanuni zao hulihesabu kuwa limefutika tangu siku lilipokubaliwa. Dola zile 445, zamu zile za ziada, hati ya udhamini, vyeti nilivyofuatilia Dar, vyote vilikuwa vya ombi ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaliua. Kama ningefika mbele ya ofisa wa viza nikakana talaka, ningejifungia mlango ule kwa maisha yangu yote, labda kwa msamaha maalumu ambao hupewa wachache, na yeye angebaki kujieleza kwa nini mumewe aliyemdhamini si mumewe.

Tangu habari zianze kusikika, huja watu dukani, wananunua kitasa au brashi ya rangi, wanasubiri wateja waondoke, halafu wananiuliza. Mtu ana ombi, na ndoa inawaka moto. Nawaambia ninachokijua sasa. Kuachana si kosa. Kosa ni kuficha. Aliye huku akiachika, ombi lile halina cha kuokolewa, na hata wakirudiana itabidi wafunge ndoa upya na kuomba upya. Aliyekwisha kufika kule akapewa kadi ya miaka 2, kwa sababu ndoa ilikuwa bado changa, hajaisha: anaweza kuomba mwenyewe asidaiwe saini ya mwenzi, akithibitisha kwamba waliingia kwenye ndoa kwa nia safi. Anayepigwa na kunyanyaswa akiwa kule ana njia yake tangu sheria yao ya 1994, na hahitaji ruhusa ya anayempiga. Huwa wanashukuru. Mmoja hakutaka kujua hayo yote. Alitaka kujua kama hukumu ya mahakama ya Mwanza inaonekana Marekani. Nilimwambia arudi nyumbani azungumze na mke wake, na kama hawezi, aje twende wote.

Kuhusu mali, kwenye madai yangu ya 2021 niliandika kwamba hatuna tulichochuma pamoja. Uongo mwingine. Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Sasa huyu aliyenunua kiwanja na tofali kwa jasho lake angekosaje haki? Kiwanja na boma nimeviandika kwa jina lake, na mjomba wake wa Misungwi ndiye anayevisimamia. Mtaji wa duka ninaurudisha kidogokidogo. Binti yangu yuko Sengerema na mama yake. Huwa napeleka matunzo mwenyewe. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kisingizio cha kuchelewa kivuko. Mama yake hunipokea uani, haniingizi ndani, nami sijaomba kuingia.

Nilikwenda mahakamani kuuliza kama hukumu ile inaweza kutenguliwa, kwa kuwa niliipata kwa hila. Nikaambiwa wa kuomba ni yule aliyehukumiwa bila kusikilizwa. Nikamwandikia mke wangu, na nakiri kwamba ndani ya barua ile kulikuwa na matumaini ambayo sikuwa na haki nayo. Alijibu siku hiyohiyo: "Usiiguse. Talaka hiyo sasa naitaka mimi." Alihitaji kitu kimoja tu kutoka kwangu, hati ya kiapo iliyogongwa mhuri, ya kueleza kwamba hakujua, ili wakili wake aiweke kwenye jalada lake.

Wakili wa hapa aliyeiandaa alinionya kwamba kukiri uongo wa mahakamani ni kukiri jinai, na kwamba sheria inaweza kunipa kifungo cha miaka 7. Akanipa siku ya kufikiri. Nilirudi kesho yake nikamwomba asilainishe neno lolote. Aya ya nne inasema kwamba siku nilipoieleza mahakama kuwa sijui mdaiwa aliko, nilikuwa na namba yake ya simu, na alasiri ya siku hiyo nilizungumza naye. Aya ya tano inataja Desemba 2019 na msiba wa mama. Nilisaini kila ukurasa, nikaituma.

Mpaka naandika haya sijaitwa na polisi wala na mahakama. Nakala ninayo dukani, si kwenye droo; iko kwenye faili juu ya rafu, pamoja na leseni ya biashara. Wakiniita nitakwenda nayo.